Askari Mweusi na Kaisari: Ngano na Kweli Yake

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo)



Nawashukuru wote mliosafiri kutoka Maskati, Dubai, Mombasa, Unguja, Toronto na kwingineko hadi kufika katika ukumbi huu. Kamati ya maandalizi imenitaka nizungumze juu ya habari moja ambayo vijana wetu wa hapa Uingereza wamekuwa wakiulizana kwa muda sasa. Swali lao ni hili: je, ni kweli kwamba askari mweusi aliwahi kukutana uso kwa uso na Kaisari wa Rumi katika kisiwa hiki, yapata miaka elfu moja na mia nane iliyopita? Na ikiwa ni kweli, je, tunaweza kusema kwamba sisi si wageni hapa hata kidogo?

Kazi yangu serikalini, kabla ya kustaafu, ilikuwa kazi ya majalada. Mtu wa masjala hana elimu ya mwanazuoni, lakini ana mazoea mamoja: akiletewa karatasi, kabla hajaangalia imesema nini, huangalia imetoka kwa nani, imeandikwa lini, na aliyeiandika alizipata wapi habari zake. Kwa mazoea hayo ndiyo nitakavyoipitia habari hii. Miaka yote nitakayoitaja ni ya Miladi.

HABARI YENYEWE

Kwanza tuisikie kama ilivyoandikwa, kabla kila mmoja wetu hajaitia chumvi yake.

Kaisari anayehusika ni Septimius Severus. Alizaliwa mwaka 145 katika mji wa Leptis Magna, katika pwani ya nchi iitwayo Libya leo, akashika ufalme wa Rumi mwaka 193. Alikuwa basi mzaliwa wa Afrika, mtu wa mji wa bandari na biashara. Mkewe, Julia Domna, alikuwa binti wa Emesa, ambao leo ni mji wa Homs nchini Syria. Mwaka 208, akiwa amevuka umri wa miaka sitini na akisumbuliwa na jongo hata akawa anachukuliwa katika machela, alivuka bahari na kuja kisiwani hapa pamoja na mkewe na wanawe wawili, Caracalla na Geta, ili apigane na makabila ya kaskazini, katika nchi ambayo sasa ni Scotland. Kwao hakurudi tena. Alifia katika mji wa York tarehe 4 Februari, 211.

Huko kaskazini ulikuwapo, na magofu yake yapo mpaka leo, ukuta mrefu ulioanzwa kujengwa mwaka 122 kwa amri ya Kaisari Hadrian. Urefu wake ni maili 73, kutoka bahari hata bahari, na nyuma yake palikuwa na ngome zilizojaa askari waliotoka kila pembe ya dola.

Habari yasema kwamba siku moja Severus alikuwa ametoka kuukagua ukuta, akawa anarudi kambini. Njiani alikuwa akijiuliza moyoni ni dalili gani itakayomkabili, ya heri au ya shari. Ghafla akatokea mbele yake askari mmoja mweusi, mtu mashuhuri kwa uchekeshaji, ambaye mizaha yake ilijulikana na wote. Mkononi alikuwa na shada la matawi ya mberoshi, mti ambao Warumi waliuhusisha na mazishi. Kaisari akaghadhibika, akaamuru mtu yule aondolewe mbele ya macho yake, kwa kuwa rangi yake na lile shada vyote viwili alivihesabu kuwa ni nuksi. Askari hakunyamaza. Alimwambia kwa mzaha kwamba amekwisha kuwa kila kitu na amekwisha kushinda kila kitu, kwa hiyo sasa na awe mungu.

Ili mzaha huo ueleweke, yafaa kujua kwamba Warumi walikuwa na desturi ya kumtangaza Kaisari kuwa mungu baada ya kufa kwake. Kumwambia Kaisari aliye hai sasa awe mungu ni sawa na kumwambia: kilichobaki ni kufa.

Hiyo ndiyo habari yote, mistari michache tu. Mengine tunayoyasikia yameongezwa njiani. Nimesikia ikisemwa kwamba Kaisari na askari walisalimiana kwa lugha ya kwao. Nimesikia kwamba Kaisari alimkumbatia kama ndugu wa Afrika. Nimesikia pia kwamba askari yule alikuwa jemadari wa kikosi kizima cha watu weusi. Hayo yote hayamo. Aliyemo ni askari wa kawaida, asiye na cheo, na asiye na jina.

NANI ALIYESIMULIA?

Sisi tuliosoma chuoni utotoni tulifundishwa kwamba hadithi haipokelewi kwa uzuri wake. Hupokelewa kwa isnadi yake: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka umfikie aliyeona kwa macho na kusikia kwa masikio. Basi na tuitafute isnadi ya hadithi hii.

Imo katika kitabu kimoja tu, kilichoandikwa kwa Kilatini, ambacho wasomi hukiita Historia Augusta. Kitabu hicho ni mkusanyiko wa maisha ya makaisari, na chenyewe kinajitambulisha kuwa ni kazi ya waandishi sita walioishi karibu na mwaka 300. Mwaka 1889 mwanachuoni wa Kijerumani, Hermann Dessau, aliichunguza kazi hiyo akatoa hoja kwamba ni ya mkono mmoja, na kwamba iliandikwa mwishoni mwa karne ya nne. Wataalamu wengi wamefuata rai yake. Maana yake ni kwamba mwandishi alijificha nyuma ya majina sita ya kubuni, akajifanya ni wa zama zilizotangulia, na kwamba kati yake na tukio analolisimulia palipita takriban miaka 180. Tena kitabu hicho kimejaa barua na hati zilizotungwa. Lau karatasi kama hiyo ingeletwa masjala, ningeipokea, lakini ningeandika ubavuni kwa wino mwekundu: ithibitishwe kwanza.

Walikuwapo waandishi wawili walioishi zama za Severus mwenyewe, Cassius Dio na Herodian. Dio alikuwa mjumbe wa baraza kuu la Rumi na alimjua Kaisari huyo kwa macho. Katika yale ya kazi zao yaliyotufikia, askari mweusi hayumo. Na si kwamba Dio alidharau mambo ya dalili na nyota; yeye ndiye anayetuambia kwamba Severus aliondoka Rumi akijua hatarejea, kwa kuwa alikuwa amesoma nyota zake na kuzichora katika dari za jumba lake.

Tazameni tena mambo yanayofuata katika Historia Augusta. Baada ya askari kuondolewa, Kaisari alitaka kutoa kafara. Akapelekwa kwa makosa katika hekalu la mungu wa vita, akaletewa wanyama weusi. Akachukizwa, akaondoka, na wale wanyama weusi, kwa uzembe wa watumishi, wakamfuata hata kizingitini pa nyumba yake. Yaani mambo matatu meusi mfululizo, na mbele yake kifo. Huo ni mpango wa mtambaji anayewaandaa wasikilizaji wake kwa msiba, kama bibi zetu walivyokuwa wakimleta bundi juu ya paa kabla ya mgonjwa kukata roho.

Kwa hiyo, kwa swali la kwanza la vijana wetu, jibu langu ni hili: kwamba askari huyu alisimama siku hiyo mbele ya Kaisari na kusema maneno yale, hilo haliwezi kuthibitishwa, na yako mengi yanayoonyesha kuwa ni utunzi.

Hapa nasema jambo ambalo huenda baadhi yenu msilipende. Habari hii tumeichukua sisi kwa fahari, lakini aliyeiandika hakuiandika kwa kututukuza. Katika kalamu yake, weusi wa askari ni alama ya mauti, kama lile shada la makaburini. Mtoto wetu akisimama darasani na kuisimulia kwa kujivuna, na mwenzake akaenda kuisoma, atakayeaibika ni wetu. Heri tumwambie sisi wenyewe kwanza, nyumbani.

Lakini, wazee wangu, msemo wetu wasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwongo mwerevu huupaka uongo wake rangi ya mambo ambayo watu wameyazoea. Mwandishi yule alipotaka kumweka mtu mweusi karibu na ukuta wa Uingereza, hakuona haja ya kueleza amefikaje huko. Hakusema ni mtumwa aliyetoroka wala mgeni aliyepotea njia. Alisema ni askari, mwenye wenzake wanaomjua na kumcheka. Aliona wasomaji wake hawatashangaa. Na kwa nini hawakushangaa, hilo ndilo lenye ushahidi, tena ushahidi wa mawe.

YALIYO THABITI

Karibu na mwisho wa ukuta upande wa magharibi, maili chache kutoka Carlisle, kuna kijiji kiitwacho Burgh by Sands. Zamani za Warumi palikuwa na ngome iitwayo Aballava. Katika kijiji jirani cha Beaumont ilipatikana madhabahu ya jiwe iliyoandikwa zama za makaisari Valerian na Gallienus, baina ya mwaka 253 na 258. Jiwe hilo limewekwa kwa niaba ya kikosi cha Wamori wa Aurelius. Wamori hao asili yao ni Mauretania ya kale, yaani kaskazini mwa Moroko na Algeria za leo. Orodha ya vikosi vya dola, iliyotungwa karibu na mwaka 400, inakitaja kikosi hicho hicho mahali hapo hapo. Hilo halina shaka: Waafrika walilinda ukuta ule, wakiwa kikosi kizima chenye jina lake, na wakakaa hapo kwa muda mrefu.

Watu wengi huchukua kikosi hiki na yule askari wa Kaisari wakawafunga pamoja, wakasema alikuwa mmoja wao. Tujihadhari. Jiwe ni la zaidi ya miaka arubaini baada ya kufa Severus. Tena kitabu kinamwita askari yule Mwethiopia, na neno hilo zama zile halikuwa jina la nchi ya Ethiopia tuijuayo leo. Liliitwa kila mtu mwenye ngozi nyeusi sana, na Wamori aghlabu walihesabiwa mbali. Jiwe ni kweli na kitabu ni kitabu. Kamba ya kuvifunga pamoja tumeisokota wenyewe.

Upande wa pili wa ukuta, mashariki, kwenye mdomo wa mto Tyne, uko mji wa South Shields, na ngome yake ya zamani huitwa Arbeia. Hapo lipo jiwe la kaburi la kijana aliyeitwa Victor. Maandishi yanasema alikuwa Mmori kwa kabila, mwenye umri wa miaka ishirini, na kwamba aliachwa huru na bwana wake Numerianus, askari wa kikosi cha farasi, ambaye ndiye aliyemsindikiza kwa upendo mpaka kaburini. Huyu Victor hakukutana na Kaisari yeyote. Hakuna aliyemtungia kisa. Lakini jina lake tunalijua, umri wake tunaujua, na tunajua kwamba alikuwapo mtu aliyemlilia na kulipia jiwe lake.

Na hapo hapo South Shields lipo jiwe jingine, la mwanamke aitwaye Regina, mzaliwa wa kisiwa hiki hiki, ambaye mumewe Barates alitoka Palmyra, katika jangwa la Syria. Barates aliandika habari za mkewe kwa Kilatini, kama ilivyopasa katika nchi ya Warumi. Kisha chini yake akaongeza mstari mmoja kwa lugha ya kwao. Sijui kama yumo humu mtu mzima ambaye hataelewa kwa nini alifanya hivyo.

Tukienda York, mji aliofia Severus, mwaka 1901 lilifukuliwa kaburi la mwanamke tajiri wa karne ya nne, aliyezikwa na vikuku vya pembe za ndovu wa Afrika pamoja na vikuku vya jiwe jeusi la Uingereza. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Reading walitangaza uchunguzi wa mifupa yake, wakaeleza kwamba yaelekea alikuwa na asili ya mchanganyiko, yenye mkono wa Afrika ya Kaskazini.

Pamoja na hayo nawaonya, kwa mfano wa mwanamke mwingine. Mifupa ya zama za Warumi kutoka Beachy Head, kusini mwa nchi hii, ilipimwa miaka kadhaa iliyopita ikasemwa kuwa ni ya mwanamke kutoka Afrika kusini ya Sahara. Wengi wetu tulifurahi, na kibao cha ukumbusho kikawekwa. Lakini uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2025 umeonyesha kwamba mwanamke yule alikuwa wa hapa hapa, mwenye asili ya wenyeji wa kisiwa hiki. Njia ya mwongo ni fupi, na hata njia ya mkosefu mwenye nia njema hairefuki sana. Tukiijenga heshima ya watoto wetu juu ya kila habari inayotupendeza, ipo siku watakuja kuona tofali moja limetolewa, nao watadhani nyumba nzima ni ya uongo. Ilhali nyumba ipo, na jiwe la Wamori na jiwe la Victor ni misingi yake.

Kuhusu Severus mwenyewe na askari wake, Herodian anatueleza mambo yasiyo na uchawi wala nyota. Aliwaongezea mishahara, na akawaruhusu waishi na wake zao. Kwa askari wa kawaida, aliyetolewa kwao akawekwa kwenye ukuta wa mvua na upepo, naona huko ndiko alikokutana na Kaisari wake hasa: siku ya mshahara, na siku aliyoruhusiwa kuwa na mke na watoto karibu naye. Kukutana kwa namna hiyo hakusimuliwi, kwa kuwa hakuchekeshi wala hakutishi. Lakini huko ndiko kulikobadili maisha ya watu.

BABU YETU NA MFALME

Mtaniuliza, haya yote yanahusu nini ukoo wetu? Yanahusu, kwa sababu na sisi tunaye askari wetu na tunaye Kaisari wetu.

Nyote mmelelewa na kisa cha marehemu babu, ambaye kwa wengine waliomo humu ni baba, kwa wengine ni ami, na kwa wengi ni babu au babu wa baba. Jina lake lipo katika ukurasa wa nasaba wa kitabu hiki. Alikuwa askari wa KAR katika Vita Vikuu vya Pili, na alipelekwa Burma. Na sote tumesikia kwamba huko alionana na Mfalme. Nimekaa na watu wa kila tawi, nikaandika wanavyosimulia. Wa Mombasa wanasema Mfalme alimpa mkono. Wa Maskati wanasema Mfalme alimvisha nishani kwa mikono yake mwenyewe. Wa Leicester wanasema Mfalme alimwuliza jina lake, naye akajibu kwa Kiswahili, na Mfalme akacheka.

Ndugu zangu, Mfalme George wa Sita hakufika Burma wakati wa vita. Aliyekuwa mkuu wa majeshi yote ya upande ule alikuwa Lord Mountbatten, jamaa ya Mfalme, ambaye alikuwa na mazoea ya kuzunguka vikosini, kuwakusanya askari na kuzungumza nao. Yawezekana babu alimwona yeye, akasema amemwona mtu wa nyumba ya kifalme, na sisi katika kupokezana tukampandisha cheo. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema hapo ndipo ushahidi unapokoma.

Tunavyo vitu viwili mkononi. Cha kwanza ni cheti chake cha kuachishwa jeshi, chenye jina lake, namba yake na kikosi chake. Cha pili ni nishani, Nyota ya Burma, iliyohifadhiwa na shangazi yetu na ambayo mtaiona mezani baada ya chakula. Itazameni vizuri. Katikati, chini ya taji, zimo herufi tatu, G, R na I, pamoja na tarakimu ya sita kwa Kirumi. Ni kifupi cha maneno ya Kilatini, na hiyo herufi ya mwisho ni ya neno Imperator, yaani Kaisari. Kwani Mfalme huyo alikuwa pia na cheo cha Kaisar-i-Hind, ufalme mkuu wa Bara Hindi, mpaka mwaka 1948. Geuzeni upande wa pili. Ni mtupu. Nishani hizo zilitolewa bila kuandikwa majina ya waliovishwa. Herufi za Kaisari zimo, na jina la babu halimo.

Basi babu yetu alikutana na Kaisari, na mkutano wenyewe ni huo ulioko mezani. Kaisari alitia chapa yake na askari hakuandikwa. Angelitupa cheti, au kingeliliwa na mchwa, leo tungekuwa na askari mweusi asiye na jina, na kisa kitamu cha kumpamba, kama yule wa ukutani.

Na aliyokuwa akiyasimulia mwenyewe ni yapi? Wazee wawili waliomsikia kwa masikio yao wamenieleza, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yao yalilingana. Hakuzungumza sana juu ya wakubwa. Alizungumza juu ya mvua. Alisema walitembea bondeni katika mvua isiyokatika, matope yakifika magotini, mizigo ikibebwa vichwani kwa kuwa magari yalizama, na wenzake wakifa kwa homa kabla ya risasi. Aisifuye mvua imemnyea. Habari za vita zinaonyesha kwamba mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka katika bonde la Kabaw wakati wa masika makali kabisa ya nchi ile, ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi wa Desemba. Isnadi ya mvua imekamilika: shahidi wawili, cheti, na tarehe. Isnadi ya Mfalme imekatika.

Nawaomba basi tuache kumsimulia babu kwa mkono aliopewa na Mfalme, tumsimulie kwa bonde alilolivuka. Heshima yake haitapungua. Mkono wa Mfalme angeweza kuupewa mtu yeyote aliyesimama mstari wa mbele siku hiyo. Bonde lile lilivukwa na miguu yake.

WASIA

Namalizia kwa mambo matatu, ambayo naiomba Kamati iyaweke katika taratibu za jumuiya yetu.

La kwanza, kila anayeandika habari ya ukoo aandike na isnadi yake: nimesikia kwa nani, lini, na yeye alisikia kwa nani. Mstari mmoja watosha. Wajukuu wataweza kupima wenyewe.

La pili, pale tusipojua, pabaki wazi. Msione haya kwa nafasi tupu katika ukurasa wa nasaba. Nafasi tupu itakuja kujazwa na mjukuu mwenye bidii, lakini iliyojazwa uongo hakuna atakayerudi kuitazama.

La tatu, na ndilo kubwa, tuandike majina, na hasa ya wale wasiokuwa na vyeo: mabibi zetu waliobaki na watoto vitani, mayaya waliotulea, ndugu waliozikwa ugenini. Severus alipokufa aliwaachia wanawe wasia wa kupatana. Mwaka haukwisha ila Caracalla alikuwa amemwua Geta, akaamuru jina lake lifutwe katika mawe ya dola nzima, hata haya ya hapa kisiwani. Jina la mwana wa Kaisari lilifutwa na ndugu yake wa tumbo moja, na jina la Victor, aliyekuwa mtumwa, likasalia kwa sababu ya mtu mmoja aliyempenda. Majina hutunzwa au kupotezwa na walio karibu.

Fomu za nasaba ziko mlangoni, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Tafadhali kila mkuu wa nyumba asiondoke kesho kabla ya kuijaza na kumkabidhi Katibu. Vijana walioomba kwenda kuona ukuta na mawe ya South Shields wamwone yeye pia, maana basi lina nafasi chache.

 Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, wanaojulikana kwa majina na wasiojulikana, na atujaalie tukutane tena kwa salama na afya. Wabillahi taufiq.